Gumba Lililoumia Kwenye Skii: Eksirei Safi Haitoshi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Tanga, ni mpishi katika hoteli moja mjini Banff, Kanada. Siku 12 zilizopita nilianguka nikiteleza kwa skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, nikafikia mkono wa kulia huku nimeshika fimbo ya kujisukumia. Usiku uleule gumba likavimba, na upande wa ndani damu ikavilia. Kliniki walinipiga eksirei, wakasema mfupa haukuvunjika, wakanipa bendeji na dawa za maumivu na kuniambia nipumzike wiki mbili. Uvimbe umepungua, lakini kisu kinaniponyoka na kugeuza ufunguo siwezi. Mama anasema nitafute mtu anichue kwa mafuta ya moto. Je, niendelee kusubiri? Nitarudi lini kuteleza, na nifanyeje yasinipate tena? Kaka yangu yuko Dubai, huwapeleka wanawe kwenye theluji ya ndani kule. Naye angependa kujua.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na lile lisilotaka kucheleweshwa: usisubiri hizo wiki mbili ziishe. Rudi kwa daktari wiki hii hii, umwambie unataka uimara wa kiungo cha gumba upimwe kwa mkono, na pakiwa na shaka upigwe ultrasaundi au MRI, picha zinazoonyesha hata sehemu laini zisizo mifupa. Nasema hivyo kwa sababu ya mambo mawili uliyoyaandika. Ulianguka fimbo ikiwa mkononi, na sasa maumivu yanapungua lakini nguvu ya kubana haijarudi. Mambo hayo yakikutana kwa mtu aliyetoka kwenye skii, sisi tunaotibu mikono tunafikiria kwanza kano ya ndani ya gumba, yaani mkanda mgumu unaounganisha mfupa na mfupa. Swali huwa imechanika kiasi gani.

Waliokupiga eksirei hawakukosea. Eksirei ni lazima itangulie, kwa sababu mara nyingine kano haikatiki yenyewe bali hung'oa kipande cha mfupa pale iliposhika, na ni vizuri kipande hicho kijulikane kabla mtu hajaanza kulisukumasukuma gumba. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Kano haimo. Unaweza kuwa na kano iliyokatika kabisa na picha yako ikatoka safi, ukaambiwa umeteguka tu, ukaenda nyumbani. Nimewaona wengi waliofika kwangu baada ya miezi minne au mitano na picha zao safi mkononi, wakishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Tazama gumba lako la kushoto, lile zima. Pale linapoungana na kiganja kuna kiungo ambacho pande zake mbili zimefungwa kwa kano. Iliyo muhimu kwetu leo ni ya upande unaoelekea kidole cha shahada. Shika ufunguo kama unataka kufungua mlango, kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Kidole hicho kinalisukuma gumba kwenda nje, na kano hiyo ndiyo inayolizuia lisiende. Ikilegea, gumba linakimbia, ufunguo unageukia mkononi badala ya kugeukia kitasa. Kisu nacho ni vivyo hivyo. Unakishika kwa vidole vyote, lakini bila gumba lililosimama imara mpini huzunguka.

Sasa kwa nini fimbo? Mtu anapoanguka hunyoosha mkono mbele, na mkono wenye fimbo huifinya kwa nguvu zaidi bila yeye kufikiri. Kiganja kinapogusa theluji, kishikio cha fimbo kimekaa katikati ya gumba na kidole cha shahada. Mkono umesimama, mwili bado unakwenda, na kishikio kinalisukuma gumba kwenda nje na nyuma kwa uzito wa mtu mzima pamoja na mwendo aliokuwa nao. Kano ndogo namna ile haina uwezo wa kuhimili hayo. Ndiyo maana jeraha hili ni miongoni mwa yale yanayojulikana sana katika skii, na bado watu hulidharau kwa kuwa aliyeumia goti hubebwa na waokoaji, ila aliyeumia gumba huinuka, hupangusa theluji na kuendelea kuteleza mpaka jioni.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza, na ukikijua utatambua kama umepimwa kweli. Daktari atashika mfupa wa kiganja ulio chini ya gumba kwa mkono mmoja, ausimamishe usitikisike, na kwa mkono wa pili atalisukuma gumba taratibu mbali na kidole cha shahada. Atafanya hivyo gumba likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kiasi cha nyuzi 30. Halafu atarudia yote kwenye mkono wa kushoto, kwa sababu viungo vya watu havilingani. Wapo waliozaliwa na magumba malegevu pande zote mbili. Gumba likifunguka zaidi ya nyuzi 30 hadi 35, au likilizidi lile zima kwa nyuzi 15 au zaidi, tunachukulia kwamba kano imekatika yote. Lipo pia jambo ambalo vidole vya mpimaji hulihisi bila kuhesabu nyuzi. Kano nzima, au iliyochanika kidogo, ina mwisho: unasukuma, unafika, inagoma. Iliyokatika haina mwisho, gumba linakwenda tu. Na usishangae, iliyokatika yote wakati mwingine huuma kidogo kuliko iliyochanika nusu, maana hakuna nyuzinyuzi zilizobaki za kuvutwa. Kwa hiyo kupungua kwa maumivu yako hakunitulizi.

Ukiona unakaza msuli kwa maumivu hata gumba halisogei, mwambie daktari. Anaweza kukuchoma sindano ya ganzi kidogo kisha akapima. Lakini usijipime mwenyewe nyumbani kwa kulivuta, wala usimruhusu mwenzako wa jikoni alijaribu. Kano iliyochanika nusu inaweza kumaliziwa kwa majaribio ya aina hiyo.

Kabla sijasahau, muombe pia akubonyeze pale chini ya gumba karibu na kifundo cha mkono, kile kishimo kinachojitokeza ukilinyoosha gumba, ambacho wazee huwekea ugoro kabla ya kuuvuta. Chini yake kuna kimfupa ambacho ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Ukisikia maumivu pale, unahitaji eksirei ya pili baada ya siku 10 hadi 14, na wewe sasa uko ndani ya siku hizo. Kimfupa hicho kina mishipa michache ya damu; kikiachwa bila kufungwa kinaweza kisiunge kamwe.

Nirudi kwenye kano, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Kano iliyochanika nusu hupona yenyewe ikitulizwa vizuri. Iliyokatika yote lakini ncha zake mbili zikabaki zinatazamana, nayo inaweza kupona. Ila kuna hali ya tatu, ambayo mpasuaji Msweden aitwaye Bertil Stener aliieleza mwaka 1962. Juu ya kano hiyo hupita utando mpana wa msuli unaolivuta gumba kuelekea kiganjani. Gumba linapotupwa nje kwa nguvu, kano hukatika, mara nyingi pale iliposhika mfupa wa gumba wenyewe, na ncha iliyokatika huchomoka ikapita juu ya utando ule. Gumba linaporudi mahali pake, utando unakuwa katikati na kano imebaki juu, kama shati lililotoka nje ya suruali likaning'inia juu ya mkanda. Kano haiwezi tena kugusana na mfupa wake. Ufunge banzi, kile kifaa kigumu cha kukituliza kiungo, kwa mwezi mmoja au mwaka mzima, haitaunga, kwa kuwa kuna kitu kati yake na pale inapotakiwa kushika. Hapo dawa ni upasuaji, na kupumzika hakutaisaidia hata kidogo.

Na upasuaji huo una muda wake. Ndani ya wiki tatu hivi tangu kuumia, mpasuaji huikuta kano ikiwa bado na urefu wake, huirudisha na kuifunga kwenye mfupa kwa nanga ndogo yenye uzi, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Wiki zikipita, kano husinyaa na kuzungukwa na kovu. Bado kuna la kufanya, lakini kazi inakuwa kubwa zaidi: mara nyingi hutengenezwa kano mpya kwa kipande cha ukano (ule uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa) kutoka kwenye mkono wa mgonjwa mwenyewe, na kama kiungo kimeshasagika kwa miaka, mifupa miwili huunganishwa moja kwa moja na kiungo hakikunjiki tena. Wewe uko siku ya 12. Ndiyo maana nimekuambia wiki hii. Uliza kama watakupa rufaa ya kwenda kwa mpasuaji wa mikono Calgary, jiji kubwa lililo karibu nawe, na ukipewa tarehe ya mwezi ujao, sema waziwazi kwamba umeumia lini na kwamba kuna shaka ya kano kukatika yote. Watu wetu ugenini huona haya kusisitiza. Sisitiza.

Kuhusu mama. Najua anasema kwa mapenzi, na kwetu Tanga au Mombasa mtu aliyeteguka hupelekwa kwa mchuaji hata kabla ya hospitali. Kuchua mguu uliochoka si neno. Lakini gumba lako lisichuliwe, lisivutwe, lisikandwe kwa moto. Kuchua kunavuta kilekile kilichochanika, na joto katika siku za mwanzo huongeza uvimbe. Mpigie simu umwambie kwamba daktari wa mikono amekataza mpaka kano ishike. Mimi ndiye niliyekataza, mtajie jina langu la kazi kama itasaidia. Baadaye, kovu la upasuaji likishafunga kabisa, kulichua kwa mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili ni sehemu ya tiba, na hapo mama atakuwa amepata haki yake.

Wakati unasubiri kupimwa, bendeji uliyopewa haitoshi. Inazuia uvimbe ila haizuii gumba kwenda nje. Duka la dawa la pale Banff litakuwa na banzi la gumba lenye kipande kigumu. Livae usiku na mchana. Vua pete kama unayo. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara, inua mkono juu ya usawa wa moyo unapoketi, na vidole vinne vingine uvikunje na kuvinyoosha mara kwa mara visije vikakakamaa. Kama unavuta sigara, huu ni wakati wa kuziacha, kwani huchelewesha kupona kwa kano na kidonda pia.

Tuseme umepimwa na kuonekana imechanika nusu. Utawekewa banzi au plasta ngumu kwa wiki 4 hadi 6. Mimi hupenda banzi la plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto na kufinyangwa juu ya mkono wa mgonjwa mwenyewe, fupi, lisilofika mbali kwenye kifundo cha mkono, na linaloacha kiungo cha juu cha gumba, kile cha karibu na ukucha, kikiwa huru. Kiungo hicho kikunje kila saa ukiwa macho. Wagonjwa wengi hukifunga nacho kwa hofu, na plasta ikitoka tunapigana na ukakamavu wa kiungo ambacho hakikuwa kimeumia.

Tuseme umepasuliwa. Utafungwa kwa muda unaokaribiana na huo, wiki 4 hadi 6, kwa ratiba ya mpasuaji wako, na ratiba yake ndiyo ifuatwe hata kama inatofautiana kidogo na hii yangu. Mgongo wa gumba unaweza kuwa na ganzi au kuwashawasha kwa wiki kadhaa, kwa kuwa tawi dogo la mshipa wa fahamu hupita pale pale penye mshono. Mara nyingi hupungua lenyewe.

Banzi likianza kutolewa, njia zote mbili huwa moja, na hapa ndipo watu huharibu. Wanaona gumba limetoka jembamba, limekakamaa, wanaanza kubana vitu ili lipate nguvu. Mwendo kwanza, nguvu baadaye. Katika siku za mwanzo za kuvua banzi, loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, kisha likunje gumba polepole kupita juu ya kiganja kuelekea chini ya kidole cha mwisho, lirudishe, pumzika, rudia. Mwelekeo huo hauivuti kano ya ndani. Usilifungue gumba kwa kulisukuma mbali na kiganja kwa mkono wa pili, hata kama unaona limebana. Na usibane ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada kwa nguvu, kwa sababu kubana huko ndiko kunakoielemea kano kuliko kazi yoyote ya kawaida ya mkono. Kugusanisha tu bila nguvu, kidole kimoja baada ya kingine, ni sawa kabisa.

Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kama kiungo ni imara na fundi wako wa mazoezi ameridhika, chukua sponji laini ya kuoshea vyombo, iloweke, uikamue kwa mkono mzima. Ikizoeleka, nenda kwenye kitambaa. Karibu na wiki ya 10 chukua kibanio cha nguo, kile cha mbao chenye springi, ukifungue kwa gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha ukibane kwenye ukingo wa kikombe. Springi za vibanio hazilingani ugumu, anza na kilicholegea. Maumivu yanayoisha ndani ya saa moja baada ya zoezi ni ya kawaida. Yanayokuamsha usiku au yanayoleta uvimbe asubuhi yanakuambia umezidisha, urudi nyuma hatua moja kwa siku chache. Wiki ya 12 ndiyo ninayoruhusu mizigo: sufuria iliyojaa kwa mkono mmoja, kufungua mtungi uliokaza, kusonga ugali wa watu wengi. Kwa mpishi nautumia ugali kama kipimo changu cha mwisho. Mwiko ukigeuka ndani ya unga uliokaza na gumba halikukimbia wala halikuuma kesho yake, mkono huo umerudi.

Usitarajie gumba liwe kama halikuguswa. Linaweza kubaki nene kidogo kwenye kiungo, likapoteza nyuzi chache za kukunjika, likauma kukiwa na baridi kali, na Banff baridi kali ipo. Hayo huendelea kupungua kwa miezi mingi. Linaloamua mafanikio ni uimara na kubana bila maumivu.

Kazini, omba daktari akuandikie kazi nyepesi na aandike vitu kwa majina: hakuna kisu kwa mkono wa kulia, hakuna kubeba sufuria, hakuna kuosha vyombo vizito, kwa wiki kadhaa kadiri atakavyoona. Barua inayosema tu "apumzishe mkono" haimsaidii mkuu wa jiko kukupangia zamu. Banzi la plastiki huoshwa kwa sabuni na maji baridi (ya moto yataliharibu umbo) na linaweza kukaa chini ya glavu kubwa ya jikoni kama sheria za usafi za hoteli yenu zinakubali. Nakusihi usirudi kwenye kukata nyama eti kwa mkono wa kushoto usiouzoea. Nimetibu vidole vilivyokatwa kwa namna hiyo.

Ukiuliza nini hutokea mtu akiliacha, daktari Campbell alikwisha kulieleza mwaka 1955, alipowaandika walinzi wa wanyama wa uwindaji huko Scotland. Wao hawakuanguka. Walikuwa wakiua sungura waliojeruhiwa kwa kuwavunja shingo kwa mikono, kazi inayolisukuma gumba nje kila siku, na miaka ilipopita kano ikawa imelegea kabisa. Magumba yao yalikuwa dhaifu na yenye kuyumba. Kwako wewe mlango wa kuingilia ni mwingine, lakini nyumba ni ileile: kiungo kinachoyumba husagika, na kikishasagika huuma hata bila kazi.

Sasa kuhusu kurudi kwenye theluji. Wapo wanamichezo wa kulipwa wanaorudi mapema wakiwa wamefungwa plasta iliyofinyangwa kufuata kishikio cha fimbo. Wana mpasuaji, wana mtu wa fiziotherapia kila siku, na mshahara wao ndio huo mchezo. Mshahara wako wewe ni huo mkono jikoni. Kwako nasema miezi mitatu kamili, na kabla ya hapo hapana. Msimu wa huko ni mrefu, kituo cha skii cha Sunshine Village karibu na Banff huendelea mpaka Mei, na najua utaona wenzako wakipanda basi asubuhi ukatamani. Ukifika wiki ya 12 na mpasuaji amekubali, nenda kwa siku chache za mwanzo bila fimbo kabisa, kwenye miteremko mipana uliyoizoea. Kisha, kwa msimu huo na pengine ule unaofuata, vaa banzi fupi ndani ya glavu. Ukienda kutengenezewa banzi hilo, beba fimbo yako na glavu yako. Mtaalamu atakufinyangia plastiki ikiwa bado laini huku umeishika fimbo, ili banzi likae katika pozi ambalo mkono wako utakuwa nalo mlimani. Ukisahau fimbo nyumbani utapata banzi zuri la ofisini ambalo halitaingia kwenye glavu.

Kinga kubwa ni kuiachia fimbo. Inaonekana jambo dogo, lakini mwili unapoanguka hukumbatia kilichopo mkononi, kwa hiyo lazima uufundishe. Simama mahali tambarare, chuchumaa, jiangushe ubavuni taratibu, na kabla nyonga haijagusa theluji tupa fimbo zote mbili kwa pembeni, kisha kunja vidole mkono uwe ngumi mbele ya kifua, gumba likiwa limelazwa nje juu ya vidole, si ndani yake. Fanya hivyo mwanzoni mwa kila siku ya kuteleza, pande zote mbili. Usinyooshe kiganja nyuma kujikinga. Huko ndiko vifundo vya mikono huvunjikia.

Halafu kamba za fimbo. Mimi nawashauri wanaoteleza kwenye miteremko iliyotengenezwa watoe mikono ndani ya kamba. Ukiiachia fimbo yenye kamba mkononi hujaiachia. Kishikio bado kinaning'inia hapohapo, tayari kukaa kati ya gumba na theluji. Hasara ya kutovaa kamba ni kwamba fimbo itabaki juu na wewe utapanda hatua kadhaa kuifuata. Hiyo ni bei ndogo. Kwenye theluji nzito isiyoshindiliwa watu huogopa kupoteza fimbo, nawaelewa, lakini msituni kamba hunasa kwenye matawi, na kwenye maporomoko ya theluji mkono uliofungwa kwenye fimbo hauwezi kuogelea kutoka. Zipo kamba zinazojifungua zenyewe zikivutwa kwa nguvu. Ni bora kuliko za kawaida, lakini hazimsaidii mtu ambaye ngumi yake bado imekishika kishikio.

Kagua pia namna unavyoshika. Gumba lizunguke kishikio, lisilazwe juu ya kichwa cha fimbo. Urefu nao upimwe: igeuze fimbo, ishike chini ya kile kisahani chake, na kiwiko kiwe kimekunjwa pembe mraba. Ndefu kupita kiasi huinua mkono na kuuweka mbele zaidi unapoanguka. Kuna glavu zenye kipande kigumu kando ya gumba; zinunue ukitaka, zinasaidia kidogo, ila zisikufanye uache zoezi la kutupa fimbo. Na shuka mapema siku uliyochoka. Miguu ikianza kutetemeka alasiri, mteremko wa mwisho unaweza kusubiri kesho.

Kwa kaka yako wa Dubai. Ski Dubai, ile sehemu ya skii ya ndani iliyofunguliwa mwaka 2005 kwenye duka kubwa la Mall of the Emirates, ina theluji halisi, kwa hiyo yote niliyoyasema yanahusu huko pia. Wanawe wasipewe fimbo hata kidogo mpaka wajue kugeuka na kusimama. Walimu wazuri wa skii huwafundisha watoto bila fimbo, na akikuta mtoto mdogo amekabidhiwa fimbo siku ya kwanza azirudishe. Wakienda likizo Uingereza na kuteleza kwenye ile miteremko ya mikeka isiyo na theluji, kama Hillend karibu na Edinburgh, glavu zisivuliwe na ngumi ikunjwe wakati wa kuanguka, maana gumba huingia kwenye matundu ya mkeka likanasa huku mtoto anaendelea kushuka. Na mtoto akilia gumba, asiambiwe ni kuteguka tu. Kwa watoto ambao bado wanakua, sehemu ya mfupa inayorefuka ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo pigo lile lile lililokukata wewe kano linaweza kumvunja yeye mfupa karibu na kiungo. Apigwe eksirei siku hiyohiyo, na hata picha ikiwa safi, gumba likiendelea kuuma au kuyumba apelekwe akapimwe tena.